Swali la Nne, Kipengele (b)

*Mvua katika hadithi hii inaashiria nini?
Fafanua kwa hoja tatu. (Alama sita.)*

Karatasi arobaini na mbili mezani, kalamu nyekundu,
taa ya kuchaji, maana umeme wa Kitangiri
ulikimbia na ngurumo ya kwanza.
Mwongozo wa kusahihisha uko wazi kama kiganja:
huzuni, alama mbili. Baraka, alama mbili.
Mabadiliko, mbili.
Radi ni hasira ya wakubwa, ukungu ni siri,
jua likizama kuna mtu atakufa ukurasa unaofuata.
Nimefundisha hivyo miaka kumi na moja
na sijawahi kulowa.

Karatasi ya ishirini na saba: Nyanzobe Magesa, wa Igombe.
Mwandiko umelala upande mmoja
kama mafunjo baada ya upepo.

*Mvua haiashirii kitu mwalimu.
Mama ameanika dagaa mchangani ndoo nane
za mkopo wa kikundi. Ikinyesha wanaoza,
tunawauzia watu wa chakula cha kuku, bei ya kutupa.
Ng'ambo ya barabara mjomba ana majaruba ya mpunga.
Wingu likitanda mama anasema Mungu wangu.
Mjomba naye anasema Mungu wangu.
Ni neno lilelile.
Sijui hapo niandike hoja ipi.*

Kisha amepiga mstari kwa rula
akaenda zake swali la tano.

Nashika kalamu. Naiweka.
Inzi wa ziwani wameifuata taa,
wanakufa juu ya majibu ya watoto, bila kuashiria.

Mimi naitwa Kabula. Ajuaye Kisukuma
ameshaisikia mvua humo ndani.
Lakini nilizaliwa mwaka ambao hata mlenda uligoma kuota;
bibi akanipa jina hilo kama kishika uchumba,
apate kuiposa mvua.
Mvua ikapokea, ikala, haikuja.
Tangu hapo nimekuwa nikiitika
kama mtu anayepokea simu ya mwenzake.

Na lipo jambo jingine.
Siku niliyoshuka kilima cha Bugando
na kanga za mama kwenye mfuko wa rambo,
nimeisimulia mara nyingi, na kila mara inanyesha.
Wasikilizaji hunyamaza hapo kwenye mvua.
Mmoja aliwahi kunishika mkono.

Haikunyesha.
Ilikuwa saa saba, jua la kukausha mate.
Majabali yaling'aa kama vichwa vilivyonyolewa,
muuza barafu za ubuyu alipiga kengele yake,
akaniuliza, dada, ya mia au ya mia mbili?
Na chini kule ziwa, buluu, limenyooka
kama shuka lililopigwa pasi,
halina habari.

Hilo ndilo lililonishinda kulisema,
kwamba halikuwa na habari.
Basi nikalitafutia wingu,
nikaazima ngurumo kwa majirani,
nikaumwagia maji mteremko wote ule mkavu
ili angalau kitu kimoja Mwanza nzima
kionekane kimelia pamoja nami.
(Nilinunua ya mia mbili. Hilo pia sijawahi kulisimulia.)

Mabati yameanza.
Tone, tone, kisha mtu amemwaga kokoto.
Nasimama dirishani, nakodolea upande wa Igombe:
radi inalimulika ziwa mara moja,
naona maji, naona kisiwa kimoja kimeinama,
giza linarudi kabla sijajua
kama na huko kunanyesha.

Mwongozo hauna mahali pa jibu hili.
Nimempa tano. Ile moja sijui niikate kwa kosa gani,
nimeikata tu, mkono una mazoea.
Halafu pembeni, kwa wino mwekundu,
mahali ninapoandikaga *fafanua zaidi*,
nimeandika:
*Mliwahi kuanua?*